Mtandao Uliofanikiwa Bila Kibali

Nchi ya Kitambo haipo. Nimehakikishiwa hivyo na ofisi husika za nchi hiyo, ambazo zilinipokea vizuri, zikanipa kiti, zikanieleza kwamba nikitaka kuisimulia habari hii kwa amani nianze kwa kusema hivyo. Basi nimesema. Haipo, na watu wake wote ni wa kubuni, hata wale wanaodai kuwa wana njaa.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo palikuwa na Wizara ya Mawasiliano, na chini yake palikuwa na Shirika la Sauti ya Taifa, ambalo peke yake liliruhusiwa kusimamisha minara ya simu na kuuza bando. Kila mwaka Waziri, Mheshimiwa Machumu Ndekeja, alizindua mtandao mpya. Alizindua Kizazi cha Tatu, akazindua cha Nne, na kila baada ya uzinduzi namba iliyo kwenye kona ya kioo cha simu ilibadilika, na wananchi wakatumiwa ujumbe wa kuwapongeza. Mengine yalibaki kama yalivyokuwa. Ukipiga simu ulisikia nusu ya salamu. Picha moja ilishuka tangu asubuhi hadi mchana, na bando likaisha ukiwa bado unaisubiri.

Nchi jirani ilipotangaza Kizazi cha Tano, Waziri Ndekeja alitangaza cha Saba. Mwandishi mmoja wa habari aliuliza cha Sita kimekwenda wapi. Waziri alijibu kwamba serikali sikivu haiwezi kuwachelewesha wananchi wake kwa kuhesabu moja moja. Mwandishi huyo sasa analima vitunguu, na nasikia vimestawi.

Kizazi cha Saba kilikuja na kaulimbiu: Upana Zaidi kwa Bei Ndogo Zaidi. Iliandikwa kwenye kofia, fulana na khanga. Ikabaki kuchagua wilaya ya majaribio, nayo ikachaguliwa Nyakitanga, huko milimani magharibi, kwa kuwa kumbukumbu za shirika zilionyesha kwamba hakuna mkazi wa Nyakitanga aliyewahi kupiga simu kulalamikia mtandao. Ni kweli, hawakuwahi. Kupiga simu kulihitaji mtandao.

Watu wa Nyakitanga walikuwa na jiwe. Lilikuwa nyuma ya josho la ng'ombe, na mtu akisimama juu yake, akaelekea kusini na kunyoosha mkono, aliweza kusikika. Watu walipanga foleni. Mambo ya ndoa, ya mashamba na ya magonjwa yalisemwa pale kwa sauti ya juu, foleni nzima ikisikiliza na mara nyingine ikitoa ushauri. Vijana waliochumbiana kwa simu walichumbiana mbele ya kamati.

Aliyelijua jiwe hilo kuliko wote alikuwa Tulinagwe, muuguzi wa zahanati. Mama mjamzito akizidiwa, Tulinagwe alimwacha na ndugu zake, akapanda jiweni, akaomba gari la wagonjwa kutoka hospitali ya mkoa, akashuka. Siku nyingine aliporudi hapakuwa tena na haja ya gari. Mambo hayo hayakuzungumzwa sana. Siku za namna hiyo Tulinagwe alirudi tena jiweni kulizuia gari, na waliokuwa kwenye foleni walimwona anavyopanda polepole, wakampisha bila kuuliza.

*

Injinia aliyepelekwa Nyakitanga aliitwa Yusta Kapwani. Alikuwa amesoma, alikuwa na akili, na alikuwa na kiburi kidogo cha mtu anayejua kwamba anazo. Tangu aajiriwe na shirika, kazi yake ilikuwa kupanga sherehe za uzinduzi: hema likae wapi, utepe ufungwe wapi, Waziri aketishwe upande gani ili apigwe picha vizuri. Hakuwahi kuunganisha kitu chochote na kitu kingine. Alitamani, kabla hajazeeka, awashe kitu kiwake. Alitamani pia, kwa nini nifiche, kupewa nishani.

Mkurugenzi mkuu wa shirika, Dakta Medadi Pembe, alimwambia asijichoshe. Mitambo ya Kizazi cha Saba ilikuwa imenunuliwa ng'ambo na imeshafika bandarini, ila ilikwama huko kwa sababu wizara mbili zilikuwa zinagombea nani akate utepe wa kontena. Yusta asimamishe mnara, aupake rangi, afunge utepe. Mitambo ingefuata. Kila mkoa ulifanya hivyo, na mikoa yote ilikuwa na minara inayopendeza.

Siku aliyofika, Yusta alikwenda jiweni ampigie Dakta Pembe kumjulisha kwamba amefika salama. Wakati anasubiri zamu yake, Tulinagwe alipita. Yusta aliona foleni inafunguka na watu wanatazama chini, asielewe. Mama aliyekuwa nyuma yake alimnong'oneza maana yake. Zamu ya Yusta ilipofika hakupanda. Alirudi alikofikia, akakaa, akaanza kufikiria kama mtu aliyesomea kazi yake.

Inabidi nieleze kidogo alichofanya, maana ndicho kilicholeta matatizo yote. Kwa desturi kila mnara ulikuwa na kasha lake la chuma lenye mitambo. Kasha lilitengenezwa na kampuni moja ya ng'ambo, lilifunguliwa na kampuni hiyohiyo, na likiugua lilitibiwa na fundi wa kampuni hiyo, ambaye alisafiri kwa ndege na kulala hoteli. Yusta alijua kwamba kazi ya makasha hayo sasa inaweza kufanywa na programu ndani ya kompyuta za kawaida. Kompyuta hizo zinakaa pamoja sehemu moja, zinahudumia minara mingi, na upana wa mtandao unapelekwa kwa anayeuhitaji wakati anapouhitaji, badala ya kila mnara kukalia fungu lake hata usipolitumia.

Kompyuta zilikuwapo. Shule ya sekondari ya Nyakitanga ilipewa msaada wa kompyuta, na mwalimu mkuu, Mwalimu Gervasi Lusinde, alikuwa amezifungia stoo ili wanafunzi wasizichakaze kwa kuzitumia; Yusta alimbembeleza mpaka akamfungulia. Nguzo zilikuwapo. Zilisimikwa kabla ya uchaguzi uliopita, zimenyooka vizuri, zikisubiri kuwekewa nyaya za umeme kabla ya uchaguzi ujao. Juu ya nguzo hizo Yusta alitundika waya mwembamba wa kioo, ule unaobeba mawasiliano kwa mwanga, akaufikisha barabara kuu ulikopita mkongo wa taifa. Mkongo wenyewe ulikwisha kuzinduliwa zamani kwa ngoma na kwaya, ila nje ya majengo makubwa ya serikali hapakuwa na mtu aliyewahi kuuchomeka kwenye kitu. Kwa fedha zilizotengwa kwa ajili ya mahema alinunua redio ndogo za kuweka mnarani na paneli za jua. Kisha akawasha.

Simu zote za Nyakitanga zililia kwa pamoja. Zilikuwa jumbe za miaka na miaka, zimekwama njiani, sasa zinaingia. Watu walipokea mialiko ya harusi za walioachana zamani. Walipokea salamu za marehemu, wakaenda kuzisomea pembeni. Wote walipokea pongezi za serikali kwa kupata Kizazi cha Tatu.

Bei nayo ilishuka, tena ilishuka kupita adabu. Mashine ya bili ya shirika, huko makao makuu, haikuwa na nafasi ya kuandika bei ndogo kiasi hicho. Kwa muda ilijaribu kukadiria, halafu ikaandika kwamba Nyakitanga imefariki.

*

Wiki hiyohiyo Tulinagwe alipata mama ambaye mtoto wake alitanguliza miguu. Hakwenda jiweni. Aliegemeza simu kwenye chupa ya dawa juu ya kabati, akampigia Dakta Hanifa Msuri wa hospitali ya mkoa, na Dakta Hanifa akawa anaona kila kitu kama aliyesimama palepale. Alimwelekeza ashike wapi, asubiri lini, asivute. Mtoto alitoka akiwa kimya, kisha akalia. Tulinagwe alimshukuru daktari, akakata simu, akaenda kuketi kwenye ngazi za zahanati, naye akalia kidogo. Halafu akanawa mikono, akaendelea na kazi.

Kama mambo yangeishia kwenye zahanati, huenda serikali ingevumilia. Lakini mtandao mpana haubagui, na watu walianza kutazama Bunge.

Vikao vya Bunge la Kitambo vilirushwa mubashara siku zote. Serikali haikuwa na cha kuficha, kwa kuwa hapakuwa na aliyeweza kuona. Sasa Nyakitanga nzima ilikusanyika kumtazama mbunge wao, Mheshimiwa Kalokola, ambaye nyumbani alijulikana kama Ngurumo. Walimkuta ameinamisha kichwa na hatikisiki. Wakadhani picha imeganda, wakamwita Yusta kulalamika, yakawa malalamiko ya kwanza ya mtandao katika historia ya wilaya. Yusta alikuja, akakagua mitambo, akakuta ni mizima. Ikabidi awaonyeshe kwamba wabunge waliokaa kulia na kushoto kwake wanatikisika.

Siku chache baadaye serikali ililieleza Bunge kwamba hospitali ya ghorofa ya Nyakitanga imekamilika na inafanya kazi. Tulinagwe, ambaye alifurahi kwa dhati kusikia hivyo, alitembea na simu yake hadi kwenye kiwanja cha hospitali, akapiga picha ya moja kwa moja, akamtumia Mheshimiwa Kalokola amsaidie kuelewa ni ghorofa gani. Picha ilionyesha msingi wa matofali na mbuzi wawili. Mheshimiwa alikuwa amelala na simu ikiwa mezani, jirani yake akaichukua, na kabla ya spika kuahirisha kikao mbuzi wale walikuwa wameshaingia kwenye simu za wabunge wote.

*

Yusta aliitwa makao makuu. Alivaa suti mpya, kwa kuwa aliamini ni mambo ya nishani. Dakta Pembe alimpokea kwa sauti ya chini, kama mtu anayempokea mfiwa, akamweleza jinsi menejimenti ilivyosikitika.

"Tulikutuma ukauzindue mtandao," alisema. "Nani alikutuma uufanye ufanye kazi?"

Yusta alijibu kwamba kaulimbiu ilisema upana zaidi kwa bei ndogo zaidi.

"Kaulimbiu ni ya kofia, Injinia. Ukishaitekeleza, mwakani tutaandika nini kwenye kofia?"

Akamfafanulia hatari yenyewe. Wilaya nyingine zilikuwa zimeanza kuulizia. Kama Nyakitanga imeweza kwa fedha za mahema, watu wangetaka kujua mitambo iliyoko bandarini ilinunuliwa ya nini, kwa nani, na huyo nani ni shemeji wa nani. Taifa changa haliwezi kujibu maswali yote hayo kwa wakati mmoja.

Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Mafanikio Yasiyo na Kibali. Wajumbe wake walikuwa wazee wenye heshima, waliokwisha kuchunguza maafa mengi ya taifa na hawakuwahi kumpata aliyehusika. Safari hii mhusika alikuwa ameketi mbele yao na anakubali kila kitu, jambo lililowachanganya. Walimuuliza kama alikuwa na washirika. Walimuuliza kama siku ile alikuwa amekunywa chochote. Mwenyekiti, kwa upole wa kibaba, alimuuliza kama katika ukoo wao kuna historia ya kufanikiwa.

Mwishoni walimpa njia mbili. Ashtakiwe kwa uhujumu, au atie saini sentensi moja: "Mafanikio haya yalitokea kwa uzembe wangu." Akisaini angebaki kazini, na angetumwa yeye mwenyewe kuirudisha Nyakitanga kwenye viwango vya taifa.

Yusta alifikiria kodi ya nyumba. Alimfikiria mama yake, ambaye kila Jumapili baada ya ibada huwaeleza wenzake kwamba binti yake ni injinia wa serikali. Akasaini. Alipotoka nje aliketi kwenye ukingo wa bustani ya shirika, na alishangaa kukuta kwamba hana hasira na wale wazee. Hasira yote, pamoja na aibu, ilikuwa kwa mkono wake wa kulia, uliokuwa umelala pajani kama wa mtu mwingine.

*

Alirudi Nyakitanga, akaubana mtandao. Haikuwa kazi ngumu. Aliyeufungua kwa kubonyeza aliufunga kwa kubonyeza, mpaka ukabaki mwembamba, unaotosha simu moja ya picha na si zaidi. Waziri Ndekeja alikuwa anakuja kuuzindua upya, rasmi, ukiwa katika hali hiyo inayokubalika.

Uzinduzi huo ulipangwa kupambwa na hotuba ya Mtukufu Kiongozi, mkuu wa nchi mwenyewe. Mtukufu alikuwa katika ziara ndefu ya kuwatembelea wakulima wa kaskazini, na angezungumza na wananchi kwa simu ya picha akiwa katikati ya shamba la mahindi. Wananchi wa Kitambo walikuwa wamemwona kwa njia hiyo kwa muda mrefu, akiwa na ukungu kutokana na udhaifu wa mtandao. Ukungu ule ulikwisha kuzoeleka. Wachoraji wa picha za ofisini walimchora nao.

Kwa kuwa mtandao uliobaki ulitosha simu moja tu, Dakta Pembe aliagiza siku ya sherehe wote utumiwe na Mtukufu hadi atakapomaliza. Yusta alikwenda zahanati kumjulisha muuguzi. Alimkuta anachemsha vifaa, akamweleza akiwa ametazama sufuria. Tulinagwe alimsikiliza hadi mwisho, akapunguza moto.

"Sawa, Injinia," alisema. "Basi nipe na ratiba ya siku zinazofuata, niwapangie wajawazito."

Hakuwa anamkejeli. Alikuwa amezoea kupangiwa, akafikiri hata hili lina utaratibu wake. Yusta aliaga, macho yakiwa bado kwenye sufuria.

Siku ya uzinduzi mahema yalikuwapo, kwaya ilikuwapo, na pazia jeupe la kuonyeshea picha lilifungwa juu ya jukwaa. Watu walitoka kata zote, kwa kuwa palikuwa na soda. Yusta aliketi pembeni ya jukwaa na kompyuta yake, Dakta Pembe amesimama nyuma yake. Waziri Ndekeja alifungua kwa kueleza falsafa ya maboresho.

"Ndugu wananchi," alisema, "upana si jambo la mchezo. Mto ukipanuka sana, ninyi wenyewe mnaita mafuriko. Serikali yenu, kwa kuwapenda, imewaondolea mafuriko."

Walipiga makofi. Kisha pazia likawaka, na Mtukufu Kiongozi akatokea akiwa na ukungu wake. Watu walimtambua kwa kofia. Nyuma yake palikuwa na kitu cha kijani, ambacho ndicho mahindi, na kitu cha buluu, ambacho ndicho mbingu. Sauti ilikatikakatika, lakini ilisikika kwamba anaeleza jua linavyomchoma pamoja na wakulima wake.

Wakati huo akaja mtu mmoja anaitwa Lubango, mkulima wa palepale, anapenya kati ya viti. Hakupiga kelele, na waliomtazama walimpisha kwa sababu shati lake lilikuwa na damu. Mke wake, Nyamizi, alikuwa amejifungua asubuhi ile, mtoto ni mzima, ila damu ilikuwa haikomi. Alifika kwa Yusta, akasimama mbele yake mikono imeshikana, kama alivyofundishwa kusimama mbele ya watu wa ofisi.

"Muuguzi anasema daktari anaonekana, halafu anapotea," alisema. "Anakuomba."

Dakta Pembe ndiye aliyejibu. Alimpa pole, akamwambia avumilie kidogo, Mtukufu anakaribia kumaliza. Hotuba za Mtukufu zilijulikana. Mtu aliyeketi kwenye kivuli zinapoanza huzimaliza akiwa juani. Yusta aliweka vidole kwenye kompyuta. Dakta Pembe aliinama, akamwambia sikioni, bila hasira, kwamba akigusa chochote hatapata kazi popote katika nchi hii.

Yusta alimtazama Lubango, ambaye alikuwa bado amesimama vilevile, hajui kama ameshajibiwa.

"Andikeni tena kwamba ni uzembe," Yusta alisema, akaufungua mtandao wote.

*

Zahanati, Dakta Hanifa alitokea kwenye kioo na hakupotea tena. Alimwona mgonjwa, akaona mikono ya Tulinagwe, akamwambia hapo siyo, sogea juu, bana, usiachie. Simu ya pili iliita gari. Tulinagwe alibana mpaka mikono ikafa ganzi, daktari akimhesabia pumzi kwa sauti ya kawaida kabisa. Damu ilipungua, ikakoma. Nyamizi alifungua macho, akauliza mtoto yuko wapi.

Uwanjani nako ukungu ulikuwa umeondoka. Mtukufu Kiongozi alionekana wazi kwa mara ya kwanza tangu wengi waliokuwapo wazaliwe, na alikuwa mzee kuliko picha zake. Mahindi yalionekana pia. Yalikuwa yamechorwa kwenye kitambaa, kazi nzuri, na kitambaa kilikuwa na mikunjo. Mbingu ilikuwa ukuta. Katikati ya mbingu, upande wa kushoto, palikuwa na soketi ya umeme, na kwenye soketi imechomekwa chaja, na waya wa chaja unashuka hadi mfukoni mwa Mtukufu. Yeye hakuwa na habari. Aliendelea kueleza jua. Akiwa bado analielezea, mhudumu aliyevaa shati jeupe alisogeza mahindi pembeni kama pazia, akamwekea chai, akarudi ndani ya mahindi.

Waziri Ndekeja, mtu ambaye hajawahi kukosa neno, alishika kipaza sauti.

"Kama mnavyojionea wenyewe, ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu imefikisha umeme hadi angani."

Maofisa walipiga makofi. Bibi mmoja wa safu ya mbele aliomba ruhusa ya kuuliza. Akapewa. Aliuliza, kwa heshima zote, kama baada ya mawingu mpango unashuka kuja kwa walioko chini, na kama zile nguzo zao zinatosha urefu.

*

Yusta alifukuzwa kazi kabla mahema hayajafunguliwa. Waziri Ndekeja alipandishwa, akawa Waziri wa Nishati ya Anga, wizara mpya iliyoundwa ili kauli yake isije ikaonekana ya uongo. Dakta Pembe akachukua kiti chake cha Mawasiliano, na jambo lake la kwanza lilikuwa kutuma kikosi Nyakitanga kukamata kasha la chuma lenye mitambo ya mtandao haramu.

Kikosi kilipekua mnara, hakikukuta kasha. Kikaenda shuleni, kikakuta wanafunzi wamekaa mbele ya kompyuta wakijifunza kuandika. Mwalimu Gervasi, ambaye hajui kusema uongo na hakuwa na nia ya kuanza uzeeni, alimwambia kamanda kwamba mtandao wenyewe ndio huo, umo ndani ya kompyuta hizo. Kamanda alimwonya asifanye mzaha na operesheni ya serikali. Amri ilisema chuma, na chuma hakikuwapo.

Walikikuta ofisi ya kata. Lilikuwa kasha zuri la chuma, lina kufuli na lakiri ya serikali. Mtendaji wa kata alijaribu kueleza kwamba ni sanduku la kura za uchaguzi uliopita, ambalo halikuwahi kufunguliwa kwa kuwa matokeo yalitangazwa kabla halijashushwa mlimani kwenda kuhesabiwa. Kamanda alisema maelezo ya aina hiyo ndiyo aliyoyatarajia. Sanduku lilisafirishwa kwa ulinzi mkali hadi mji mkuu, likafungiwa chumba cha chini. Wataalamu walilichunguza kwa nje, wakatoa taarifa kwamba lina sauti za watu wengi ndani yake, na ni hatari kulifungua.

Yusta hakuondoka Nyakitanga. Mwanzoni alibaki kwa woga, maana hakuwa na pa kwenda. Halafu kamati ya wazazi ikamwomba afundishe kompyuta, ikampa chumba na debe la maharage kila mwezi, na Mwalimu Gervasi akamkabidhi ufunguo wa stoo. Mama yake alimpigia simu ya picha. Alimtazama kwa muda, akaona chumba, akaona ubao nyuma yake, akamwambia amekonda. Jumapili iliyofuata, nasikia, aliwaeleza wenzake kwamba binti yake ameacha kazi ya kufunga tepe.

Siku ya kuwasilisha bungeni taarifa ya operesheni hiyo, watu walijaa kwenye baraza ya zahanati. Tulinagwe aliegemeza simu yake ukutani ili wote waone. Waziri Pembe alisimama bungeni, mubashara, akalitangazia taifa kwamba mtandao wa Nyakitanga umezimwa kabisa, mitambo yake imekamatwa, na wakazi wa wilaya hiyo hawana tena uwezo wa kuona wala kusikia chochote kutoka nje. Picha ilikuwa safi. Jasho lilionekana likimtoka chini ya sikio, likashuka, likaingia kwenye kola. Watu walimsikiliza hadi mwisho bila kunong'ona, kwa kuwa ni wastaarabu na alikuwa anawazungumzia wao. Yusta alikuwa amesimama nyuma, karibu na Nyamizi na mtoto wake, na aliona aibu ileile ya bustani ya shirika inamjia, inamtazama, inapita.

Wabunge walipiga makofi. Mtu mmoja barazani aliuliza kama wao nao wapige, akaambiwa asubiri kwanza.

Tulinagwe aliomba radhi, akaichukua simu yake. Alikuwa na mgonjwa ndani, uchungu ulikuwa umeshaanza. Alikifuta kioo kwa pindo la gauni, akampigia Dakta Hanifa, akaingia naye wodini.